Tenda za serikali ya Marekani kwa kampuni ya veterani mwenye ulemavu: zinatafutwa wapi hasa?

Sajini_Mpya
Wakuu, salaam. Swali kwa mnaoijua hii kazi. Kampuni yangu ni LLC (kampuni yenye dhima yenye ukomo) ya usafi wa majengo, iko Texas, mimi mwenyewe ni veterani na VA (Wizara ya Masuala ya Maveterani) wamenipa ulemavu wa asilimia 30. Kila mtu anasema "una ulemavu wa kijeshi, tenda za serikali ni zako". SAM.gov, tovuti ya tenda za serikali ya shirikisho, ukiifungua kuna maelfu ya matangazo, nusu hayaeleweki na yaliyobaki yanafungwa keshokutwa. Pa kuanzia ni wapi?

MzeeWaZabuni
Mkuu, hakuna tenda yenye jina lako. Kilichopo ni lengo: serikali ya shirikisho inatakiwa kupeleka asilimia 5 ya fedha za mikataba yake kwa kampuni za veterani wenye ulemavu wa utumishi, zile zinazoitwa SDVOSB. Lilikuwa asilimia 3 mpaka sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2024 ilipolipandisha. Lengo hilo ni mzigo wa idara. Wewe halikupi haki ya kudai chochote. Linakusaidia pale tu afisa manunuzi anapoamua kuitenga tenda, na ili aitenge lazima awe anajua kuwa mpo.

Makaratasi kwanza, na yafuate mpangilio huu, maana ukiruka moja utarudi nyuma.

Anza na IRS, mamlaka ya kodi. Jina la kampuni na anwani viwe herufi kwa herufi kama vilivyo kwenye barua ya EIN, namba ya kodi ya kampuni (CP 575, ukiipoteza omba 147C). Nukta au mkato uliozidi unatosha kukwamisha usajili wa SAM.gov. Ndani ya SAM chagua usajili wa "All Awards". Wengi wanachukua UEI peke yake, ile namba ya herufi na tarakimu 12, wanadhani wamemaliza, kumbe huwezi kuomba mkataba nayo. Ukijisajili kikamilifu, taarifa zako zinapelekwa DLA, wakala wa vifaa wa Wizara ya Ulinzi, ambao wanakupa CAGE, namba ya mkandarasi yenye herufi na tarakimu 5. Usajili ni bure na unahuishwa kila mwaka. Uwe hai siku unayotuma zabuni na siku ya kupewa mkataba.

Siku chache baada ya kusajiliwa utaanza kupokea barua pepe na simu za "usajili wako haujakamilika, lipia mamia ya dola". Wamezitoa namba zako kwenye SAM yenyewe, maana ni za wazi. Futa.

Kisha cheti. Tangu Januari 1, 2023 cheti kinatolewa na SBA (wakala wa serikali wa biashara ndogo) kupitia mpango wake wa VetCert, si VA tena. Siku za kujiandikia mwenyewe "mimi ni SDVOSB" na kushinda tenda iliyotengwa zimekwisha. Ni bure, kinadumu miaka 3. Asilimia 30 zako zinatosha. Hata 0 inatosha mradi VA wamekubali kuwa ulemavu umetokana na utumishi. Umiliki uwe angalau asilimia 51, wa moja kwa moja, usio na masharti, na veterani awe na cheo cha juu kabisa na ndiye mwenye usemi.

Karani_wa_Mikataba
Naongezea kwenye cheti kisha niende kwenye swali lenyewe.

Maombi mengi yanakwama kwenye makubaliano ya uendeshaji wa LLC, hayakwami kwenye ulemavu. Watu wanachukua fomu ya mtandaoni yenye kifungu kinachosema maamuzi makubwa yapitishwe na wanahisa wote, au kwa theluthi mbili. Hapo veterani mwenye 51 hawezi kuamua peke yake, na SBA wanasema huna udhibiti. Kingine: veterani ana kazi ya kuajiriwa saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni mahali pengine. Wanachukulia kwamba haongozi kampuni mpaka athibitishe vinginevyo. Na mshirika asiye veterani akilipwa mshahara kuliko veterani, jiandae kueleza sababu. Suala la mali ya ndoa lisikusumbue hapo Texas: kwa cheti hiki sheria ya mali ya pamoja ya mume na mke haihesabiwi.

Kwa walioingia jeshini kupitia MAVNI, mpango wa zamani wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha (Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zake) na wengine wenye majina matatu ya kwetu: hakikisha jina kwenye DD-214 (karatasi ya kutoka jeshini), kwenye rekodi ya VA na kwenye karatasi za uraia linafanana. SBA wanaoanisha na VA. Jina la ukoo likiwa limekaa katikati, maombi yanaganda.

Sasa pa kutafuta. Ukisubiri tangazo litoke SAM.gov ndipo uanze, umechelewa. Tenda iliyotangazwa leo imeshapikwa kwa miezi: afisa keshaamua itengewe nani, ukubwa gani, muda gani. Anza na mikataba iliyopo inayokaribia kuisha.

Nenda USAspending.gov, tovuti ya matumizi ya serikali, kwenye utafutaji wa kina. Weka msimbo wa sekta, NAICS 561720 (usafi wa majengo), msimbo wa bidhaa na huduma S201, mahali pa kazi Texas, idara VA. Usitegemee NAICS pekee, kwa sababu maafisa hutofautiana katika kuuchagua. S201 ndiyo inayosema mop na ndoo. Fungua kila mkataba uangalie tarehe mbili: mwisho wa sasa, na mwisho unaowezekana ikiwa miaka yote ya nyongeza itatumika. Mkataba wa kawaida ni mwaka 1 wa msingi na 4 ya nyongeza. Hiyo tarehe ya pili ndiyo yako. Rudi nyuma miezi 9 hadi 12, hapo ndipo afisa anaanza kufanya utafiti wa soko. Tengeneza jedwali: namba ya mkataba, aliyenao, thamani, tarehe ya mwisho, ofisi iliyotoa. Mistari 20 yenye tarehe ni kazi ya mwaka mzima.

Sajini_Mpya
Kwa nini VA kwanza na si jeshi au GSA (wakala wa majengo na manunuzi ya serikali)?

Karani_wa_Mikataba
Kwa sababu VA wana sheria yao wenyewe. Afisa wa VA akiwa na matarajio ya haki kwamba kampuni mbili au zaidi za maveterani zitaleta zabuni kwa bei inayokubalika, ni lazima aitenge, na SDVOSB wanatangulia mbele ya maveterani wasio na ulemavu. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2016, kesi ya Kingdomware, majaji wote 8 walisema hilo ni sharti, hata kwa oda zinazotolewa chini ya orodha za bei za GSA. Juu ya hapo VA wanaweza kukupa mkataba bila ushindani mpaka dola milioni 5, bei ikiwa ya haki. Kwenye idara nyingine SDVOSB mnalingana na 8(a) (kampuni za wamiliki walionyimwa fursa kijamii na kiuchumi), HUBZone (kampuni za maeneo yenye uchumi duni) na kampuni za wanawake. Afisa anachagua kundi.

Sehemu kubwa ya Texas iko chini ya VISN 17 (kanda ya hospitali za VA), na ofisi yake ya manunuzi ni NCO 17. Houston iko VISN 16. Ukituma barua kwa NCO isiyohusika hakuna atakayekusogezea.

Angalizo la fani yako: hospitali kubwa za VA mara nyingi zina wafanyakazi wao wa usafi. Kinachotoka nje ni kliniki ndogo za mitaani na ofisi za Vet Center (vituo vya ushauri nasaha kwa maveterani). Na usafi wa majengo mengi ya serikali umo kwenye orodha ya AbilityOne, yaani umeshatengewa mashirika yanayoajiri wasioona na wenye ulemavu mkubwa. Ukikuta jengo liko kwenye orodha hiyo, lifute kwenye jedwali lako, ila kama ni la VA muulize afisa kwanza.

MzeeWaZabuni
Hapo kwenye utafiti wa soko ndipo watu wanapolala. Kuna matangazo ya SAM yameandikwa "Sources Sought". Hayana bei, hayana mkataba, kwa hiyo wengi wanayapita. Kumbe ndipo afisa anapohesabu vichwa. Kampuni mbili za SDVOSB zenye uwezo zikijibu, tenda inatengwa. Ikijibu moja, au zikajibu kwa kutuma kipeperushi cha matangazo, tenda inafunguliwa kwa kampuni ndogo zote na utapambana na watu 15.

Jibu liwe kurasa 3 hadi 5, na lijibu maswali kwa mpangilio waliouliza wao. Ukurasa wa kwanza: jina, UEI, CAGE, cheti cha SBA na tarehe ya kuisha, kwamba u mdogo chini ya 561720 (kikomo chake ni mapato ya wastani ya dola milioni 22 kwa mwaka). Kisha kazi mbili tatu zinazofanana: futi za mraba, thamani, muda, jina na simu ya msimamizi wa mteja. Kisha namna utakavyoifanya kazi hii kwa watu wako. Mwisho, waambie kilicho kibovu kwenye rasimu ya maelezo ya kazi. Mfano wametaka sakafu ipakwe nta kila mwezi kwenye kliniki ya zulia. Maafisa wanapenda hilo kuliko sifa.

Fundi_Mtandao
Kwa upande wa SAM: ingia kwa akaunti ya Login.gov, weka vichujio vyako (S201, jimbo, aina ya kutengwa SDVOSB, na hizo Sources Sought), uhifadhi utafutaji upate taarifa kwa barua pepe. Ukipata tenda ya kweli bonyeza kuifuata, usipakue faili ukaondoka. Marekebisho hutoka siku mbili kabla ya kufunga, na asiyefuata hayaoni.

Ujue pia kisichoonekana SAM. Sharti la kutangaza huko linaanza juu ya dola 25,000. Chini ya hapo afisa anatafuta watu wawili watatu kwenye orodha ya SBA ya kampuni ndogo na kuwaandikia. Kwa hiyo wasifu wako huko uwe na maneno anayoyatafuta yeye: kliniki, kupaka nta, kusafisha zulia, kuua vijidudu, jina la kaunti. "Huduma bora kwa wateja" hakuna anayeitafuta.

Kuna pia ununuzi mdogo wa kadi ya serikali. Kikomo kilipanda hadi dola 15,000 kuanzia Oktoba 1, 2025, ila kwa huduma zilizo chini ya sheria ya mishahara ya huduma, kama usafi, ni dola 2,500 tu. Anayeuza karatasi za chooni anafaidi kadi kuliko anayefagia choo chenyewe.

DadaMhasibu
Mmefika mbali bila kugusa bei, na huko ndiko kampuni mpya zinakufa *baada* ya kushinda.

Sheria ya mishahara ya huduma (SCA) inakulazimu kulipa kima kilichoko kwenye jedwali la Wizara ya Kazi la kaunti hiyo, pamoja na marupurupu ya afya na ustawi kwa kila saa. Jedwali linaambatanishwa kwenye tenda. Nachukua namba za mfano tu: kliniki futi za mraba 12,000, siku 5 kwa wiki. Ofisi ya kawaida mtu anaweza kusafisha futi 3,000 au zaidi kwa saa, lakini vyumba vya mgonjwa vinapunguza kasi, weka 2,000. Ni saa 6 kwa siku. Siku za kazi 250 ukishatoa sikukuu 11 za shirikisho: saa 1,500.

Mshahara tuseme dola 17 na marupurupu dola 5. Anayeanza anapiga 1,500 × 22 = 33,000 na kuendelea. Kasahau kwamba sikukuu zinalipwa (11 × 6 = saa 66) na likizo ya wiki mbili inalipwa (saa 60). Saa za kulipa ni 1,626, sawa na dola 35,772. Tayari umepoteza 2,772, na bado. Likizo ya ugonjwa ni saa 1 kwa kila 30 za kazi, hapo kuna saa 50 nyingine. Kodi ya mwajiri ya FICA (hifadhi ya jamii na Medicare) ni asilimia 7.65: ukiyalipa marupurupu kwa fedha taslimu inatozwa juu ya yote, dola 2,737, ukiyapeleka kwenye bima au mfuko unaokubalika inatozwa mshahara tu, dola 2,115. Baada ya hapo ndipo uje kwenye bima ya ajali kazini, sabuni, mashine, msimamizi, gharama za ofisi na faida.

Mtego mwingine ni wafanyakazi unaowarithi. Ukimchukua mfagiaji aliyekuwa na kampuni iliyotangulia, miaka yake kwenye jengo lile inahesabika kwako. Amekaa miaka 10, anadai likizo ndefu kwa mujibu wa jedwali, na wewe ulimpigia hesabu ya mtu mpya. Uliza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya maswali. Mkataba uliopo ukiwa na chama cha wafanyakazi, makubaliano yao yanaweza kuchukua nafasi ya jedwali.

Sajini_Mpya
Dada, hiyo ya saa za sikukuu imenifungua macho. Je, naweza kushinda halafu nikampa kampuni kubwa aifanye, nibaki na asilimia yangu?

Nyundo_na_Tofali
Hapana, na hilo limepeleka watu gerezani. Kwenye tenda ya huduma iliyotengwa, fedha utakazowalipa wakandarasi wasaidizi wasiofanana nawe haziwezi kuzidi asilimia 50 ya unacholipwa na serikali. Ujenzi wa jumla ni asilimia 85, fani maalum kama umeme na mabomba ni 75. Msaidizi "anayefanana nawe" lazima naye awe na cheti cha SDVOSB na awe mdogo kwa msimbo wa kazi unayompa. Fedha zake hazihesabiwi kwenye kikomo, mradi azifanyie kazi yeye mwenyewe.

Ukiuza vitu usivyotengeneza kuna kanuni nyingine: kwa kawaida bidhaa iwe ya kiwanda kidogo cha Marekani, isipokuwa SBA wametoa msamaha kwa aina hiyo ya bidhaa. Wanaotaka kuuzia VA glavu za kutoka nje wanagonga ukuta huo.

Ukiwa mdogo mno kwa kazi, njia halali ni ubia. Mpango wa SBA wa mlezi na mlelewa unaruhusu kampuni kubwa kuwa mlezi wako, mkaunda ubia unaohesabika kuwa SDVOSB, mradi wewe ufanye angalau asilimia 40 ya kazi ya ubia. Kazi ya kweli, siyo ya kujaza fomu. Kwa ujenzi fikiria pia dhamana ya utekelezaji. SBA wana mpango wa kuidhamini kwa wasio na historia kwenye makampuni ya bima.

Mgeni_wa_Sacramento
Msisahau majimbo. California wana mpango wao wa maveterani wenye ulemavu, DVBE, lengo asilimia 3, cheti cha jimbo ni bure, ila wanataka ulemavu wa angalau asilimia 10 na veterani awe mkazi wa California. New York nao wana wao, SDVOB, lengo asilimia 6. Kule California wakandarasi wakuu wanawatafuta ninyi wenyewe ili kutimiza lengo, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupata kazi za kwanza za kuonyesha. Cheti cha SBA hakiwi cha jimbo moja kwa moja.

MzeeWaZabuni
Sawa kabisa, na kwa asiye na historia: kazi za makanisa, shule na ofisi binafsi zinahesabika, andika futi za mraba na jina la msimamizi. Kwenye tenda za ushindani wa kawaida wa sura ya 15 ya FAR (kanuni za manunuzi ya shirikisho), asiye na rekodi hapaswi kupewa alama nzuri wala mbaya. Lakini tenda ikisema wazi "uzoefu wa miaka 3 kwenye kituo cha afya", usijidanganye, ipite.

Siku ya kutuma. Wanaotupwa nje hutupwa kwa mambo ya aibu: hawakusaini marekebisho (SF 30), wameweka bei ya mwaka wa msingi wakaacha miaka ya nyongeza, faili kubwa mno likakataliwa na barua pepe ya serikali, au wamesoma saa 10 jioni ya Texas wakati tenda inasema ya Mashariki. Iliyochelewa imechelewa. Tuma siku moja kabla, uombe uthibitisho wa kupokelewa.

Ukishindwa kwenye tenda ya sura ya 15, omba maelezo kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu upate taarifa. Ukiamini mshindi si SDVOSB wa kweli, malalamiko yanapelekwa kwa afisa manunuzi ndani ya siku 5 za kazi, na OHA, ofisi ya SBA ya usikilizaji na rufaa, ndio wanaoamua.

Na kabla ya kumlipa mshauri yeyote, nenda APEX Accelerator ya eneo lako, zamani waliitwa PTAC. Wanalipwa na Wizara ya Ulinzi, kwako ni bure, na watakusomea zabuni kabla hujatuma. Kwa mpango wa biashara na mtaji nenda VBOC, kituo cha biashara za maveterani kinachofadhiliwa na SBA.

DadaMhasibu
Mtaji huo uwe wa kutosha. Serikali ina siku 30 kulipa ankara sahihi, na kampuni ndogo mara nyingi hulipwa mapema kidogo, lakini wewe unalipa mishahara kila wiki mbili kuanzia siku ya kwanza. Ankara inatumwa mwisho wa mwezi. Hesabu mishahara minne kabla senti haijaingia. VA wanapokea ankara kwa mfumo wa Tungsten, jeshi kwa WAWF. Omba kuunganishwa wiki uliyosaini mkataba. Namba ya oda ikikosewa, ankara si "sahihi", na saa ya siku 30 haijaanza.

Sajini_Mpya
Shukrani sana wakuu. La mwisho: makubaliano ya LLC yanasema mimi na shemeji (ana 40) lazima tukubaliane wote wawili ndipo kampuni ikope au iajiri meneja. Nitume maombi ya VetCert hivyo hivyo?

Karani_wa_Mikataba
Usitume. Kukopa na kuajiri ni uendeshaji wa kila siku, veterani aamue peke yake. Shemeji anaweza kubaki na kura ya kuzuia kwenye machache yanayoruhusiwa: kuingiza mwanahisa mpya, kuuza kampuni au mali zake zote, kuungana na nyingine, kuivunja, kufilisika. Andikeni marekebisho, msaini wote wawili kabla ya kutuma maombi. Halafu angalia na benki: kama sahihi za akaunti zinahitaji wote wawili, badilisha hizo pia.